Kifafa na kifafa cha mimba si ugonjwa mmoja: wajawazito na waume zao, tuongee

Daftari la Kijani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nina kifafa tangu nikiwa na miaka 14. Nimezaa mara mbili, wote wazima, wa kwanza siku hizi anabishana na mimi kila asubuhi kuhusu viatu. Kilichonileta hapa ni jambo la juzi kliniki. Nimekaa kwenye benchi, pembeni yangu kuna mdada mwenye mimba ya kwanza, tumbo ndiyo kwanza linaanza kuonekana. Tukapiga stori, akaniambia na yeye ana kifafa ila dawa ameacha tangu siku aliyoona mistari miwili kwenye kipimo. Nikamuuliza, nani amekwambia uache? Akasema hakuna, ila amesikia kifafa cha mimba kinaua, sasa mtu mwenye kifafa akishika mimba halafu bado anameza dawa za kifafa, si ndiyo anakialika.

Nilikosa la kusema. Si kwamba nilimshangaa. Miaka sita iliyopita na mimi nilifikiri vivyo hivyo.

Hapa lugha yetu imetuponza. Magonjwa mawili yasiyo na baba mmoja wala mama mmoja tumeyapa jina moja, halafu tunashangaa watu wakichanganya dawa za huyu na hofu ya yule.

Kifafa, hiki cha kwangu, ni cha ubongo wenyewe. Seli za ubongo zinapiga umeme kwa pamoja bila mpangilio, basi unaanguka, au unazubaa, au mkono unacheza wenyewe. Wanaume wanacho, watoto wanacho, na wapo wanaozeeka nacho bila kuona mimba. Kifafa cha mimba kinaanzia kwenye kondo la nyuma. Kondo halikujishika vizuri, mishipa ya damu ya mama inadhurika mwili mzima, presha inapanda, figo zinavujisha protini kwenye mkojo, na mwishowe ubongo unazidiwa na mtu anapigwa na degedege. Kwa kawaida hakiji kabla ya wiki ya 20. Asiyewahi kuanguka maishani anaweza kukipata. Dawa ninazomeza mimi hazikileti, na wala hazikizuii.

Sasa yangu. Mimba ya kwanza nilikuwa kwenye lamotrijini, na nilikuwa sijaanguka kwa karibu miaka miwili. Wiki ya saba nikaenda kliniki, mhudumu mmoja (simtaji yeye wala kituo) akaitazama boksi ya dawa, akasema, "Mama, hizi ni sumu kwa mtoto, ziweke pembeni mpaka ujifungue." Nikaziweka pembeni. Nani anataka kumlisha mwanawe sumu?

Siku ya kumi na moja nilikuwa bafuni. Dalili yangu huwa ni ileile: kitu kinapanda kutoka tumboni kuja kooni, kama unavyojisikia lifti inapoondoka ghafla, na harufu ya waya unaoungua. Mara hii nilipata muda wa kushika ukingo wa ndoo tu. Nilizinduka nimelala sakafuni, maji bado yanamwagika, jino la mbele limekatika nusu, na mume wangu ananiita kwa jina ambalo ilinichukua muda kujua kwamba ni langu. Bahati yetu, mlango nilikuwa sijaufunga kwa komeo. Tangu siku ile siufungi.

Mtoto alikuwa salama. Daktari wa mishipa ya fahamu hakunigombeza. Alisema kwamba kuanguka kwa mshtuko wa mwili mzima kunaweza kumnyima mtoto oksijeni na kunaweza kumuua mama, na kwamba dawa niliyoiacha ni miongoni mwa zile zenye hatari ndogo kabisa kwa mtoto. Halafu akanipa habari iliyoniudhi kuliko zote: lamotrijini ukiikatiza siku kadhaa hairudishwi kwa dozi uliyoachia. Unaanza chini kabisa na kupanda kidogokidogo kwa wiki nyingi, kwa sababu ukiirudisha kwa pupa inaweza kuleta vipele vya hatari vinavyobabua ngozi. Kwa hiyo wiki zote zile nilifunikwa na dawa nyingine, levetirasetamu, iliyonifanya niwe mkali kama nyigu. Mume wangu ni shahidi.

Mimba ya pili tulijipanga. Asidi ya foliki nilianza kabla ya kushika mimba, miligramu 5 kwa siku, nilivyoandikiwa. Mfereji ambao baadaye unakuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unajifunga kufikia siku ya 28 tangu mimba itunge. Siku hizo wengi wetu ndiyo kwanza tunaanza kujiuliza mbona siku zimepitiliza. Ukisubiri kliniki ya kwanza, umechelewa.

Kingine ambacho sikuambiwa mara ya kwanza: mimba yenyewe inaifagia lamotrijini mwilini. Unameza vidonge vilevile, kwenye damu kinabaki nusu au chini ya hapo. Mara ya pili nilipimwa damu kila mwezi na dozi ikapandishwa mara tatu. Sikuanguka hata mara moja. Baada ya kujifungua mwili ukarudi kasi yake ya kawaida, dozi ya mimba ikawa kubwa mno, na siku ya nne nikaanza kupepesuka na kuona vitu viwiliviwili. Mume wangu aliingia mlangoni wakiwa wawili, na mmoja ananitosha. Tukapiga simu, dozi ikashushwa kwa hatua, wiki ya tatu niko sawa.

Hayo yote, tarehe, dozi na usingizi niliolala, niliyaandika kwenye daftari la kijani. Usingizi uandikeni pia, kwangu usiku mmoja wa kukesha ni hatari kuliko kusahau kidonge.

Wenye uzoefu karibuni. Wenye maswali pia.

Bwana Kimya

Mimi huwa nasoma tu humu, leo nachangia.

Mke wangu hakuwa na kifafa. Alijifungua salama, akaruhusiwa siku ya pili. Siku ya tano akaanza kulalamika kichwa. Si kile cha kuchoka, alisema kinagonga kwa mbele na parasetamoli hakisikii. Jioni akasema anaona vimulimuli. Nikamwambia amelala kidogo, mtoto anasumbua. Niliyasema mimi hayo, sikuambiwa na mtu.

Saa nane usiku akakakamaa akiwa amemshika mtoto. Mama yangu alimdaka mtoto, mimi nikakimbilia kijiko nimtie mdomoni. Presha tulipofika ilikuwa 170 kwa 115. Nikawauliza, kifafa cha mimba kinatoka wapi na mimba imeshatoka? Nesi akanijibu huku anafunga mkanda wa presha, "Baba, kinaweza kuja hata baada ya kujifungua."

Alichomwa salfeti ya magnesiamu. Baadaye aliniambia alihisi kama maji ya moto yanatembea kwenye mishipa kutoka mkono hadi miguuni. Kila baada ya muda nesi anakuja na kinyundo, anamgonga goti, anahesabu pumzi, anaangalia mfuko wa mkojo, anaandika. Usiku kucha. Nilidhani ile ya goti ni mazoea tu ya hospitali.

Amepona. Presha ilichukua wiki kadhaa kutulia.

Mkunga wa Zamu

Bwana Kimya, goti lile ndilo lililokuwa linamlinda. Magnesiamu ikizidi mwilini kitu cha kwanza kupotea ni mrusho wa goti, baadaye pumzi, baadaye moyo. Goti likikataa kuruka, au pumzi zikishuka chini ya 16 kwa dakika, au mkojo ukiwa chini ya mililita 30 kwa saa (dawa inatokea kwenye figo), tunasimamisha. Kiuasumu chake ni kalisiamu glukoneti, na mkunga mwenye akili anakiweka karibu kabla hajachoma dozi ya kwanza.

Nimekuwa wodi ya wazazi miaka mingi, niongeze machache, na moja litamkera mleta uzi.

Kwanza dawa. Zamani kila mtu alikuwa na lake: huyu diazepamu, yule fenitoini. Mwaka 1995 ulitoka utafiti mkubwa wa nchi nyingi uliolinganisha hizo tatu kwa wanawake waliokwisha pigwa na degedege, na magnesiamu ikaziacha mbali. Waliorudia degedege walikuwa pungufu ya nusu ya wale wa diazepamu. Mwaka 2002 ukaja mwingine wa wanawake zaidi ya 10,000 wenye presha ya mimba ambao bado hawajaanguka, na magnesiamu ikapunguza uwezekano wa kuanguka kwa zaidi ya nusu. Ni chumvi ya bei ndogo, haina mwenye hati miliki. Kwa kawaida tunaanza na gramu 4 polepole kwenye mshipa, halafu tunaendelea ama kwa gramu 1 kila saa, ama kwa sindano za makalio pale ambapo hakuna mashine ya kuhesabu matone. Tunaendelea saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, lolote litakalochelewa.

Pili kijiko. Usiweke kitu mdomoni, narudia, kitu chochote. Ulimi haumezwi. Kinachomezwa ni meno yaliyovunjwa na kijiko. Mlaze ubavu, wa kushoto ukiweza, tumbo lisikandamize mshipa mkubwa wa damu. Ondoa vya kuumiza, angalia saa, usimshikilie. Mjamzito hasubiriwi dakika tano, anaanza safari ya hospitali palepale.

Sasa la kukera. Dada Daftari, umesema kweli, magonjwa ni mawili. Lakini akiletwa kwangu saa tisa usiku mama wa wiki 33 anatetemeka, hata kama ndugu zake wanapiga kelele "ana kifafa tangu utotoni", mimi namtibu kama kifafa cha mimba mpaka kipimo kinikatalie. Nampima presha, mkojo, damu, na magnesiamu inaingia. Mwenye kifafa hana kinga ya kifafa cha mimba. Anaweza kuwa na vyote viwili. Nimeshuhudia mama akikaa saa nyingi kwenye kituo kimoja kwa sababu walisema "ni kile chake cha siku zote". Hakikuwa kile.

Kwa hiyo utenganishaji wako ni mzuri kwenye benchi la kliniki. Kwenye degedege baada ya wiki ya 20 unaweza kumponza mtu.

Daftari la Kijani (mleta uzi)

Mama mkunga, hunikeri, umenishika pabaya. Nilikuwa naandika kwa hasira ya yule mdada aliyeacha dawa, sikufikiria upande wa pili. Kwangu hata mume wangu angesema "ni kile chake" na angenilaza nipumzike.

Naongeza kwenye daftari kwa wino mwekundu: baada ya wiki ya 20, nikianguka, presha kwanza.

Kidole Juu

Samahani wakubwa, mbona hapo mleta uzi anasema dawa zake hazina shida, na mdogo wangu alizaa mtoto mwenye tatizo la mgongo na wakasema ni dawa za kifafa? Tuambizane ukweli. Mtu asije akasoma humu akameza kila kitu.

Nyuma ya Kaunta

Mimi ni mfamasia. Kidole Juu ana hoja, na pole kwa mdogo wako.

Mleta uzi hakusema dawa zote. Dawa za kifafa hazifanani. Ya kuogopwa zaidi kwenye mimba ni valproeti. Kati ya wanawake 100 wanaoitumia wakiwa na mimba, watoto kama 10 wanazaliwa na kasoro kubwa: mgongo wazi, moyo, mdomo sungura, viungo. Na hiyo ndiyo inayoonekana siku ya kwanza. Watoto 30 hadi 40 kati ya 100 wanakuja kuchelewa kuongea, kuchelewa kutembea, kupata shida ya kujifunza, wengine usonji. Hatari inapanda na dozi. Ndiyo maana mwaka 2018 Ulaya waliweka sharti kwamba mwanamke anayeweza kushika mimba asipewe valproeti isipokuwa yuko kwenye mpango wa uhakika wa kuzuia mimba na zile nyingine zimeshindwa. Lamotrijini na levetirasetamu zipo kama 2 au 3 kati ya 100, na hiyo inakaribia kabisa ya mama asiyemeza dawa yoyote. Topirameti inahusishwa na mdomo sungura na watoto wadogo kwa uzito. Fenobabitoni ipo katikati, na ndiyo wengi wanayo kwa sababu inapatikana kirahisi.

Lakini sikilizeni mwisho wa sentensi, maana watu wanaishia katikati. Kuna wanawake ambao valproeti ndiyo pekee inayowashika wasianguke. Kuikatiza usiku mmoja kwa sababu umesoma uzi kunaweza kukuua wewe na mtoto kabla haijajulikana kama alikuwa na kasoro. Inabadilishwa na daktari, kabla ya mimba, kwa miezi.

Kitu kingine ambacho wateja wangu hawaambiwi: kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinaliamsha ini, na ini likiamka linafagia homoni za vidonge vya uzazi wa mpango na za kipandikizi. Unaweza kuwa unameza kila siku kwa uaminifu na ukashika mimba. Kitanzi hakiguswi na hayo. Kwa lamotrijini mambo yanageuka: vidonge vyenye estrojeni ndivyo vinavyoishusha dawa, unaanza kuanguka bila kujua kwa nini.

Kidole Juu

Mdogo wangu alikuwa kwenye hiyo hiyo valproeti. Na hakuna aliyemuuliza kama anapanga kuzaa. Asante mkuu.

Upande wa Kushoto

Mimi yangu si kifafa ila ni ya mishipa ya fahamu. Wiki ya 36 niliamka, nikachukua maji ya kusukutua, yakamwagika yote kwenye gauni. Nikatazama kioo: upande wa kushoto wa uso umeshuka kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Jicho halifungi. Nyumba nzima ikalia kiharusi.

Daktari alinifanyia jambo moja tu, sikulisahau. "Nyanyua nyusi zote mbili." Upande wa kushoto paji la uso halikukunjamana hata kidogo. Akashusha pumzi, akasema ni afadhali. Kiharusi cha ubongo kwa kawaida kinaliachia paji la uso, kwa sababu linapata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Likilala na paji, basi tatizo lipo kwenye waya wa uso wenyewe, yaani mshipa wa fahamu wa uso, huku nje. Alinipima mkono, mguu, na usemi, vyote vikawa sawa. Nikapewa prednisoloni siku ileile, alisema inafanya kazi zaidi ikianza ndani ya saa 72. Na jicho: matone mchana, mafuta na plasta usiku, maana jicho lisilofunga linakauka na kuchubuka.

Miezi mitatu uso ukarudi. Picha za ile sherehe ya kumpokea mtoto nimezificha.

Swali: ni kweli mimba inaleta hii?

Mkunga wa Zamu

Ndiyo. Miezi mitatu ya mwisho na siku za mwanzo baada ya kujifungua huwa tunaiona zaidi. Charles Bell aliyeieleza mwaka 1821 ndiye ambaye madaktari bado wanaiita kwa jina lake. Na kila anayekuja na uso umelala mwishoni mwa mimba mimi nampima presha hapohapo, mara nyingine mambo haya mawili yanatembea pamoja.

Ila wasomaji, nyumbani msijipime paji la uso mkajiridhisha. Uso ukishuka, au mkono ukikosa nguvu, au maneno yakaburuzika, hospitali, saa hiyohiyo. Wajawazito wanapata kiharusi kweli, hasa kuelekea kujifungua na wiki sita baada yake.

Ganzi Kazini

Mimi vidole vitatu vya mkono wa kulia vinakufa ganzi usiku, naamka nakung'uta mkono kama nimeshika kipimajoto. Nina miezi saba. Na rafiki yangu alijifungua kwa uchungu wa siku mbili, akaamka mguu unaburuza, kidole gumba hakinyanyuki.

Mkunga wa Zamu

Wewe: maji yanayojaa mwilini wakati wa mimba yanabana mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono. Funga bendeji ngumu kwenye kifundo usiku mkono ukae umenyooka, kwa wengi inaondoka baada ya kujifungua. Rafiki yako: mshipa wa fahamu ulikandamizwa, pembeni ya goti au huku juu kwenye nyonga, wakati wa kusukuma. Wengi wanapona kwa wiki au miezi, mazoezi ya viungo yanasaidia. Lakini aonwe. Na kama ana ganzi sehemu za kukalia au anashindwa kuzuia mkojo, asisubiri hata kesho.

Dada wa Tatu

Nimesita kuandika hapa siku mbili.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anatapika. Si kutapika kwa asubuhi. Wiki tano chakula hakikai, hata maji. Alipungua mpaka pete ikawa inadondoka. Tulimpeleka mara mbili, akatundikiwa dripu, akarudi. Mara ya tatu tulimpeleka kwa sababu alianza kuongea vitu visivyoeleweka. Macho yalikuwa yanacheza, kama mtu anayesoma maandishi yanayokimbia. Akisimama anatanua miguu kama yuko kwenye boti. Kuna waliosema ni msongo wa mawazo, hakuitaka mimba.

Daktari kijana aliyeingia zamu ya jioni aliuliza swali moja: "Amepewa vitamini B1?" Hakuwa amepewa. Dripu zote mbili zilikuwa za sukari.

Akatuelezea baadaye. Akiba ya B1 mwilini ni ya wiki chache tu. Ubongo unaihitaji ili kuunguza sukari. Mtu aliyekauka B1 ukimmwagia sukari peke yake, kile kidogo kilichobaki kinamalizika, na sehemu za katikati ya ubongo zinaanza kufa. Mtu aliyetapika wiki kadhaa anatakiwa kuchomwa B1 kwanza, au pamoja na sukari.

Alichomwa usiku ule. Macho yalitulia siku iliyofuata. Kutembea kulirudi kwa miezi. Mimba ilitoka. Kumbukumbu haijarudi yote, ananiuliza kitu kimoja mara tatu kwa siku, na mara zote tatu namjibu kama ndiyo kwanza ameuliza.

Nyuma ya Kaunta

Pole sana dada. Kidonge cha B1 kwa mtu anayetapika hakifiki popote, ndiyo maana huchomwa. Sindano yenyewe ni ya hela ndogo. Inauma.

Mkunga wa Zamu

Dada wa Tatu, nimesoma mchango wako mara mbili. Nitaupeleka wodini, bila jina.

Bwana Kimya

Mama mkunga, mtu atajuaje kichwa cha kuchoka na kichwa cha hatari? Mimi nilishindwa.

Mkunga wa Zamu

Kwa kusimulia tu huwezi kuwa na uhakika, ndiyo maana presha inapimwa kwa kila mjamzito na kila mzazi anayelalamika kichwa. Ila mimi huuliza hivi.

Kinaanza ukikaa na kupoa ukilala, na ulichomwa sindano ya mgongo? Huenda ni tundu la sindano linavuja maji ya uti. Kinatibika, hata kwa kuziba tundu kwa damu yako mwenyewe.

Kinazidi ukilala, ukikohoa, ukiinama, na kinapanda siku hadi siku? Hapo naogopa damu kuganda kwenye mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo. Mwishoni mwa mimba na baada ya kujifungua damu ya mama ni nzito ya kuganda, ni ulinzi dhidi ya kutoka damu nyingi, lakini ulinzi huo una gharama yake. Huyu anahitaji picha ya kichwa na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kimepiga ghafla kama mtu amekugonga kwa nyundo? Usiulize humu, toka nje utafute usafiri.

Na wale wa kipandauso cha miaka yote: wengi mimba inawapa likizo, hasa kuanzia mwezi wa nne, halafu kinarudi baada ya kujifungua. Kichwa ambacho si kile ulichokizoea, usikiite kipandauso. Ergotamini, dawa ya kipandauso, ni marufuku kwenye mimba, ibuprofeni na ndugu zake zikae mbali kuanzia wiki ya 20.

Bado moja kuhusu magnesiamu. Kuna ugonjwa wa misuli kuchoka, miastenia: kope zinashuka jioni, kutafuna kunachosha. Mwenye huo magnesiamu inaweza kumzimia pumzi. Kama unao, uandikwe kwa herufi kubwa juu ya kadi ya kliniki.

Wiki ya Nane

Mimi ni mgeni humu. Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Nina wiki nane. Niko kwenye valproeti, miligramu 500 asubuhi na 500 usiku. Mimba hatukuipanga. Saa hizi ni saa tatu na kidonge cha usiku kipo mezani mbele yangu. Nimeze au nisimeze?

Daftari la Kijani (mleta uzi)

Meza, mdogo wangu. Kesho asubuhi nenda na boksi lenyewe, si jina la kukumbuka. Waambie wiki ngapi na mara ya mwisho uliyoanguka ni lini. Usikubali kurudi nyumbani na jibu la "acha".

Nyuma ya Kaunta

Nakazia: meza. Na waulize kuhusu asidi ya foliki ya dozi kubwa hata kama umechelewa kidogo.

Wiki ya Nane

Nimemeza.

Daftari la Kijani (mleta uzi)

Siku nne kimya. Wiki ya Nane, upo?

Wiki ya Nane

Nipo dada. Wa kwanza kunipokea alitaka niache, nikasema nataka daktari wa mishipa ya fahamu. Nikangoja mpaka saa kumi. Alikaa na mimi karibu saa nzima. Hajaniondoa kwenye dawa, kwa sababu mbili nyingine nilishazijaribu zikashindwa, ila ameipunguza, na ameigawa mara tatu kwa siku badala ya mbili. Ameniambia hatari zote bila kuzipaka sukari. Nina picha ya tumbo ya kina wiki ya 20, wataangalia mgongo na moyo wa mtoto. Nililia kwenye ngazi.

Nikitoka pale nikapita dukani. Hawakuwa na la kijani, nimechukua la bluu. Ukurasa wa kwanza: tarehe, 300 mara tatu, nimelala saa sita.